Wauza UPS, mtatuuzia VA mpaka lini?

Wakuu, hili limezidi. Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo uulizie UPS (kile kiboksi chenye betri kinachoishikia kompyuta umeme ukikatika), utaambiwa "chukua hii 650VA, inakaa saa nzima". Saa nzima ikiwasha nini? Hakuna anayekuuliza kompyuta yako inakula wati ngapi, hakuna anayetaja betri iliyomo ndani. Tunapigwa mchana kweupe.

Hiyo 650 ni VA (volti mara ampea), siyo wati, yaani umeme unaoliwa kweli. Nyingi za bei ya chini zinabeba wati 360 hivi, na namba hiyo imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo mpaka utafute miwani. Isitoshe, muda wa kukaa hautegemei VA, unategemea betri. Kwenye hizo 650 kwa kawaida kuna betri moja ya volti 12, ampea-saa 7 (ndiyo ujazo wake). Zidisha: wati-saa 84, tena za kwenye karatasi, maana betri ya asidi ikikamuliwa kwa kasi haitoi hata nusu. Kompyuta ya mezani na monita zikila wati 150, una dakika kama kumi. Zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Anayetaka kumalizia mpira umeme ukikatika anunue inveta na betri ya sola.

Kuna na hili la wimbi, yaani umbo la umeme unaotoka, ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. UPS ya bei rahisi ikiwa kwenye betri haitoi wimbi laini kama la umeme wa ukutani, inatoa la ngazi-ngazi. Baadhi ya pawa saplai za kisasa, zile zenye PFC (saketi ya kunyoosha jinsi zinavyovuta umeme), haziliwezi: umeme ukikatika kompyuta inajizima au inajiwasha upya wakati UPS yenyewe iko hai inalia pii pii. Ukirudi dukani unaambiwa kompyuta yako mbovu! Kwa mashine ya gemu tafuta iliyoandikwa "pure sine wave" (ndiyo wimbi laini), na wati zake zizidi matumizi yako kwa robo angalau.

Halafu stoo. Betri ikikaa miezi bila chaji inajila yenyewe, sahani za ndani zinaota salfeti, na hapo hata uichaji wiki nzima hairudi. "Mpya kwenye boksi" haina maana kama boksi limekaa mwaka. Ukifika nayo nyumbani ichaji saa 8, ifungie balbu ya nyuzi ya wati 100 (siyo kompyuta!), chomoa plagi ukutani, shika saa. Nzima inavuka dakika kumi. Ikizima kabla ya tano, irudishe siku hiyo hiyo na risiti mkononi.

Mafundi nao wasijifiche. Kufunga betri ya gari kwenye UPS ndogo ni uhuni. Chaja ya ndani imetengenezewa betri ya ampea-saa 7, kwa hiyo ile kubwa inachelewa mno kujaa. Transfoma ni ya kufanya kazi dakika chache. Ukiibebesha saa mbili inaungua. Na betri ya maji inatoa gesi inayolipuka, ndani ya chumba mnacholala. Betri ikifa, weka ya aina ile ile, volti 12, ampea-saa 7 au 9, milimita 151 kwa 65. Pima na upana wa vichwa vyake, kuna vya milimita 4.8 na vya 6.3, waya ukilegea hapo panachemka.

Printa ya leza usiichomeke kwenye matundu ya UPS yanayotumia betri hata kwa kujaribu, hita yake inavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Na usiisukumie UPS nyuma ya kompyuta inakopumulia joto: umri wa betri huhesabiwa kwa joto la nyuzi 25, kila nyuzi 10 zikiongezeka unapungua kwa nusu. Kwa joto la Dar, mnaoahidi miaka mitano mnamwahidi nani?

Wauzaji mliomo humu, andikeni kwenye matangazo yenu wati, ampea-saa, aina ya wimbi na tarehe ya betri. Anayebisha aje, ila aje na mita.