Gumzo la ukoo: Kitindamimba yuko Misheni, Bagamoyo

*Jumatano jioni*

Mama 18:42
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kitindamimba, tangu asubuhi kimya. Umekula?

Kitindamimba 18:55
Milele amina. Shikamoo Mama, shikamooni wakubwa wote. Nimekula wali na samaki. Simu niliiacha chumbani, leo tumepokea shule mbili kwa mpigo.

Shangazi wa Moro 18:57
Marahaba mwanangu. Hivi huko unafanya kazi gani hasa? Nikimuuliza baba yako anajibu "anajitolea" basi.

Kitindamimba 19:03
Shangazi, asubuhi misa, kisha chai, kisha fagio. Ile barabara ya miembe majani hayaishi. Ukifika mwisho, ulikoanzia kumeshajaa tena. Halafu naingia makumbusho, iliyokuwa nyumba ya masista, napangusa vumbi. Upepo wa bahari unakula chuma, kwa hiyo pingu na minyororo ya enzi za utumwa hatugusi na kitambaa kibichi, ni brashi kavu tu, taratibu.

Kaka Mkubwa 19:05
Na posho?

Kitindamimba 19:06
Chakula na pa kulala, kaka.

Kaka Mkubwa 19:06
Miezi mitatu yote? Wenzako wanazungusha maombi ya kazi mjini.

Kitindamimba 19:14
Naelewa, na maombi natuma usiku. Lakini ngoja nikusimulie ya leo. Kuna mbuyu hapa, uliopandwa 1868, mwaka mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar. Shinani umemeza mnyororo, kimebaki kipande kidogo nje. Mtoto mmoja wa darasa la tano alikishika, machozi yakamtoka. Alidhani ni hapo watu walipofungwa.

Mama 19:15
Maskini. Si ndivyo ilivyokuwa?

Kitindamimba 19:19
Hapana Mama. Huo alifungia punda wake mama mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa akitibu wagonjwa hapa. Ilikuwa 1895 hivi. Mti ukaendelea kunenepa, mnyororo ukabaki ndani. Nikamweleza mtoto. Akafuta uso, akaniuliza, "Sasa ile ya watu iko wapi dada?" Nikamshika mkono nikampeleka ndani. Alisimama mbele ya zile pingu muda mrefu, na mimi nikanyamaza naye.

Shangazi wa Moro 19:21
Mwili umenisisimka.

Kaka Mkubwa 19:24
Sawa, nimekusikia. Na Livingstone je, yule mmisionari mpelelezi Mskoti? Si mwili wake ulilazwa hapo?

Kitindamimba 19:33
Kila mgeni anaanza na huyo. Ndiyo, kwenye kanisa la zamani la 1872, ule mnara. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, sasa ni Zambia. Moyo wake ukazikwa huko huko, mwili wakaubeba watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao kwa miguu mpaka hapa, tarehe 24 Februari 1874. Akalala usiku, akavushwa Zanzibar. Wageni wanapiga picha mnara wanaondoka. Mimi nawaomba dakika kumi zaidi, nawapeleka kwenye groto, lile pango la kusalia la Bikira Maria. Hiyo waliijenga waliokombolewa utumwani wenyewe, 1876, kumshukuru Mungu. Wengi wao waliletwa watoto wadogo, wamenunuliwa sokoni Zanzibar. Wakakulia hapa, wakajifunza useremala, uhunzi, kilimo. Hawa ndio walioijenga Misheni hii kwa mikono yao, kaka. Nataka mgeni atoke hapa akiwakumbuka na wao.

Mama 19:36
Bibi yuko pembeni yangu, nimemsomea yote. Anauliza, wakishakua walikwenda wapi?

Kitindamimba 19:41
Shikamoo Bibi. Walioana, wakapewa nyumba na shamba kwenye kijiji chao hapa hapa Misheni. Halafu mapadri walipokwenda bara kufungua misheni nyingine, familia hizo ndizo zilizotangulia nao. Mhonda 1877, Mandera ya huku Pwani, mpaka Morogoro.

Shangazi wa Moro 19:42
MHONDA? Mhonda hii ya Turiani?

Kitindamimba 19:42
Hiyo hiyo shangazi.

Shangazi wa Moro 19:47
Mimi nimebatizwa Mhonda! Nimefungia ndoa Mhonda! Miaka yote nasema ilianzishwa na Wazungu, sijawahi kuambiwa habari za hizo familia. Jumapili nawaulizia wazee wa jumuiya.

Kitindamimba 19:49
Waulize shangazi, na uandike majina kwenye daftari. Yeyote wanayemkumbuka. Nitakuja mwenyewe kuyasoma.

Mama 19:52
Bibi anasema: "Marahaba mjukuu wangu. Jumamosi nakuja. Nataka kusali kwenye hiyo groto."

Kaka Mkubwa 19:53
Magoti yake yatahimili gari la stendi ya Makumbusho, Dar, mpaka Bagamoyo? Nitamleta mimi. Tutatoka alfajiri.

Kitindamimba 19:55
Asante kaka. Aje na viatu vya chini, kuna mchanga. Nitafagia njia ya groto mapema na kiti nitamwekea chini ya mwembe.

Mama 19:58
Anauliza pia kama mishumaa inauzwa hapo au aje nayo.

Kitindamimba 19:59
Aje nayo Mama. Miwili, mmoja nitawasha mimi.