Baba yake babu alifia Mirembe: niende Dodoma mwenyewe, nianzie Nyaraka za Taifa Dar, au nimlipe mtu?

Kitukuu wa Bumbuli
Wakuu, heshima kwenu. Baba yake babu yetu alipatwa na ugonjwa wa akili, akachukuliwa, akapelekwa Mirembe na kufia huko. Hakurudi, na kaburi halijulikani. Desemba ukoo unakutana, na wazee wanataka angalau tarehe ya kifo na mahali alipozikwa ili mambo ya kimila yafanyike. Mzigo nimetupiwa mimi kwa sababu eti "wewe unajua kompyuta". Nina likizo ya siku 10 na laki 6 mfukoni. Nipande basi hadi Dodoma nikaombe hospitalini, nianzie Nyaraka za Taifa pale Upanga, au nimlipe kijana mmoja aliyeniambia ana mtu wa ndani? Naomba kuwasilisha.

Faili la Kijani
Mkuu, jazia nyama. Mwaka gani? Alichukuliwa akiwa kijijini au kazini? Alipelekwa na ndugu au na serikali? Jina la ubatizo analo? Hapo ulipofikia ni sawa na kumtafuta Hamisi Kariakoo.

Bwana Shamba
Dodoma tu, usizungushwe. Mtu alilazwa pale, karatasi ziko pale. Ukienda Upanga utapewa faili la mbolea.

Faili la Kijani
@Bwana Shamba karatasi za zamani namna hiyo kukaa wodini ni bahati nasibu. Mambo ya serikali yaliyopita miaka 30 kisheria yanafunguliwa kwa wasomaji Nyaraka za Taifa, sheria ya 2002 inasema hivyo. Ila mleta mada ajue kwamba faili la mgonjwa ni jambo moja, barua za serikali kuhusu mgonjwa ni jambo lingine. Upanga atapata hizo barua akibahatika: DC kamwandikia daktari, daktari kaiandikia Sekretarieti (ofisi kuu ya serikali ya mkoloni), mtu fulani kafa, nani alipe gharama. Na bado hajajibu mwaka.

Kitukuu wa Bumbuli
Samahani, nilikuwa kazini. Mwaka hatuna. Shangazi anasema babu yetu aliachwa tumboni baba yake alipochukuliwa, na babu alizaliwa Waingereza wakiwa wameshaingia, wakati wa njaa. Alikuwa kibarua shamba la mkonge upande wa Korogwe. Jina tunalo, la Kisambaa tu.

Faili la Kijani
Sasa tunaongea. Waingereza waliingia Tanga 1916. Mirembe ilianza 1927. Kama babu yenu alizaliwa mwanzoni mwa Mwingereza, basi baba yake alichukuliwa kabla Mirembe haijakuwepo. Mnamtafuta mtu kwenye nyumba iliyojengwa baadaye.

Mama Tatu
Lutindi! Iko hukohuko Korogwe, mlimani. Wamisheni wa Kijerumani waliianzisha 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha 1905 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Ipo hadi leo chini ya KKKT, wagonjwa wanafanya kazi za mikono na chai inalimwa. Watu wakisikia ugonjwa wa akili wanataja Mirembe tu, kama vile kila gazeti huitwa Uhuru.

Na huyo kijana wa "mtu wa ndani" mkimbie. Nisikilize kwa makini mwanangu. Mimi nilimtafuta kaka yake bibi, aliyefia hospitali ya serikali ambayo sitaitaja. Safari ya kwanza: leta barua ya serikali ya mtaa. Nikaleta. Safari ya pili: thibitisha undugu. Nikala kiapo mahakamani, nikarudi. Mwenye funguo za stoo yuko likizo. Safari ya tatu nikaingizwa stoo, maboksi yamejaa udongo wa mchwa, ukigusa karatasi inabaki vumbi mkononi. Rejista za miaka niliyoitaka hazipo. Natoka nalia, kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni ananifuata korido: mama, nipe laki na nusu, mimi nitakupatia. Nikatoa. Wiki mbili, akanitumia picha kwenye WhatsApp: jina, tarehe ya kifo 1951, sababu homa ya mapafu, na mahali pa kaburi. Ukoo mzima tukashukuru Mungu, tukasoma khitma, ng'ombe akachinjwa. Miezi mitatu baadaye mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, anaitazama ile picha kwenye simu. Anauliza: bibi, mbona juu imeandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania? 1951!

Mpaka leo sijawaambia wazee.

Bwana Shamba
Pole mama. Lakini khitma haipotei, dua imefika.

Mama Tatu
Dua imefika, laki na nusu haijarudi.

Mkenya Mpole
Habari za huko jirani. Kwetu ni Mathari, Nairobi, ilifunguliwa 1910. Nyanya yangu alikuwa na mjomba aliyelazwa huko. Nilienda nyaraka za Moi Avenue, nikamkosa kwa jina, nikampata kwa kipande, kile kitambulisho cha kazi cha mkoloni: namba ilikuwa kwenye barua ya mwajiri wake. Andika jina kwa kila njia karani angeweza kulisikia. Wetu waliandika R badala ya L na jina la chifu likawekwa mahali pa jina la baba. Na usiamini kila neno la daktari. Daktari Carothers alikabidhiwa Mathari 1938 bila mafunzo maalum ya magonjwa ya akili, na ndiye aliyekuwa akiamua Mwafrika yupi ana wazimu.

Mjukuu wa Kinjeketile
Hapo umegusa. Wengi walikuwa hawana wazimu wowote, walikataa kazi ya mzungu tu. Mleta mada, huenda babu yenu alikuwa mpigania uhuru.

Nesi wa Zamu
Taratibu jamani. Nimefanya kazi na wagonjwa hawa. Kila familia inataka babu awe shujaa kwa sababu inaona aibu awe mgonjwa. Hata huu uzi, watu wameanza kuandika "wazimu". Ni ugonjwa kama kisukari.

Mjukuu wa Kinjeketile
Kisukari hakikamatwi na polisi.

Faili la Kijani
Hilo ndilo swali langu la mwanzo ambalo halijajibiwa. Nani alimchukua?

Kitukuu wa Bumbuli
Nilificha kidogo, mnisamehe. Inasemekana alimkata mnyapara kwa panga. Mnyapara hakufa.

Faili la Kijani
Mkuu! Hilo ungeanza nalo. Hapo kuna kesi, kuna polisi, kuna gereza. Wagonjwa wa aina hiyo wengi walifungiwa magerezani kwanza kwa kukosa pa kuwaweka. Na angekuwa hai hadi baada ya 1927 angeweza kuhamishiwa Dodoma, kwa hiyo shangazi naye huenda hajakosea. Anzia Upanga, mafaili ya wilaya na ya mahakama. Ukikutana na mafaili ya Mjerumani, yale yenye herufi G, tafuta msomaji kabisa: mwandiko ule wa zamani unamtoa jasho hata Mjerumani wa leo.

Kiberenge
Swali dogo. Aliondoka na usafiri gani? Njia ya reli ya kutoka Ruvu kuunganisha na ya Tanga ilikamilika 1963. Kabla ya hapo, mgonjwa wa Korogwe kwenda Dodoma kwa treni ni ashuke Tanga, apande meli hadi Dar, kisha reli ya kati. Safari ya aina hiyo na mgonjwa aliyefungwa kamba ingeacha karatasi: tiketi, posho ya askari, chakula.

Bwana Shamba
Au alitembea.

Kitukuu wa Bumbuli
Nimempigia shangazi. Anasema "treni", ila hajui ilielekea wapi. Pia amekumbuka kwamba walipokuwa wadogo wakikorofisha waliambiwa "utapelekwa Lutindi".

Mama Tatu
Si nilisema!

Faili la Kijani
Hata sisi wa Soni tulitishiwa hivyohivyo. Huo si ushahidi.

Kitukuu wa Bumbuli
Sawa. Ila kama nikiamua kupanda Lutindi kwanza, kwa vuli hii barabara ya mlimani inapitika? Na nikifika namwona nani, mchungaji au daktari?

Kiberenge
Pikipiki kutoka Korogwe. Vaa buti.