Kumtoa buibui ndani ya nyumba bila kumuumiza: chombo gani kinafaa?

Mkazi wa Uyole
Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumbani kwetu wamo wale buibui bapa wa kijivu wanaojibana ukutani nyuma ya kalenda na picha. Sipendi kuwaua, kwa kuwa wanatupunguzia mbu na mende wadogo, lakini mwanangu hakubali kupanda kitandani akimwona hata mmoja. Glasi na karatasi ya daftari havinisaidii: karatasi hupinda, buibui hupenya pembeni, na aliye karibu na dari simfikii kabisa. Je, yupo aliyejitengenezea chombo kinachofaa? Isitoshe, nyuma ya kabati kuna kisahani cheupe kilichoganda ukutani, chembamba kama karatasi, nacho sijui nikifanyeje.

Fundi, Makambako
Chukua chupa ya maji ya lita sita inayoonyesha ndani, ukate kitako chake, kisha uingize mpini wa ufagio shingoni na kuufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kazi yenyewe iko kwenye ukingo. Usugue kwa msasa uliolazwa sakafuni mpaka ukae sawa ukutani bila kuacha mwanya, kisha uuzungushie utepe wa gundi ili usimkate mguu. Kifuniko kizuri kuliko vyote ni filamu kuukuu ya eksirei, maana ni nyembamba, ni laini, na haipindi ovyo kama karatasi. Aliye juu usihangaike kumfunika huko huko. Mzingire kwa chupa, uiburute polepole kuja chini, naye atatembea ndani yake hadi usawa wa kifua, ndipo upitishe filamu.

Mwalimu wa biolojia, Iringa
Naafiki, hasa hilo la polepole. Buibui hana msuli wa kunyoosha baadhi ya viungo vya miguu, bali huinyoosha kwa msukumo wa majimaji ya mwilini. Kwa hiyo mguu ukibanwa na kukatika, au tumbo likipasuka kwa kuanguka, madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Huyo bapa, zaidi ya hayo, humgeukia mdudu aliye nyuma yake kwa takribani sehemu moja ya nane ya sekunde, kwa hiyo usimguse kwanza ili "asogee". Mfunike moja kwa moja kutoka mbele ya ukuta.

Kisahani hicho cheupe ni kifuko cha mayai. Ukikibandua kitachanika, na kwa kuwa kiko nyuma ya kabati na hakimsumbui mtoto, mimi ningekiacha.

Mama wa Tukuyu
Samahani Mwalimu, nyote mmeeleza kukamata, lakini hakuna aliyesema anapelekwa wapi. Ukimwachia uani mchana, kuku wanamdonoa kabla hujageuka, na hapo huruma yote imepotea bure. Je, kila buibui anaingia kwenye hiyo chupa?

Mwalimu wa biolojia, Iringa
Swali la haki, Mama. Mpeleke jioni kuku wakishaingia bandani, kwenye rundo la kuni kavu au ukuta wa mawe wenye nyufa, kwa sababu huyu huwinda usiku na anahitaji mahali pa kujibana. Miezi ya Juni na Julai, ambapo Uyole na Makete hupata hata sakitu, mwachie kwenye banda la kuni lenye paa. Laza chupa chini, ondoa filamu, umwache atoke mwenyewe, usimkung'ute.

Kuhusu swali la pili, yupo wa kahawia, mwenye tumbo la mviringo na alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, anayetega utando ovyo chini ya viti, vyooni na ndani ya matairi ya zamani, na kifuko chake cha mayai kina vijimiiba pande zote. Sumu yake huleta maumivu makali. Huyo naye huingia chupani, ila ashughulikiwe na mtu mzima aliyevaa glavu nene, na watoto wakae mbali.

Mkazi wa Uyole
Asanteni sana. Fundi, filamu ya eksirei ninayo. Iwe kubwa kuliko mdomo wa chupa kwa kiasi gani?

Fundi, Makambako
Izidi upana wa vidole vitatu kila upande, upate pa kushikia.