Upepo wa matairi na ulaji wa mafuta kwa gari lililotoka Japani: nijaze kiasi gani?

Mkazi wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, nawasalimu. Miezi miwili iliyopita nilipokea gari dogo la Toyota la mwaka 2005, injini ya cc 1,500, gia otomatiki, lililoagizwa kutoka Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Tangazo la muuzaji lilieleza kwamba gari hilo huenda kilomita 18 kwa lita moja ya petroli, lakini tangu nianze kulitumia sijawahi kuvuka kilomita 11. Matumizi yangu ni kutoka Kimara kwenda Posta asubuhi na kurudi jioni, jumla ya kilomita kama 32 kwa siku.

Wiki iliyopita fundi wa pancha alipima upepo akakuta matairi yote manne yana PSI 24 hivi. Alinishauri nijaze 40, akidai kuwa ndicho kiasi kinachofaa kwa barabara zetu na kwamba gari litaacha kunywa mafuta. Jirani yangu ananiambia kinyume chake, kwamba kwa joto la Dar nisizidishe 28, tairi lisije likapasuka. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa kwa Kijapani, na ninachoweza kukisoma hapo ni namba 220 tu.

Naomba kujua nijaze kiasi gani, na iwapo upepo peke yake unaweza kueleza tofauti ya 11 na 18. Kama kuna mambo mengine ambayo mtu anapaswa kuyakagua gari linapotoka bandarini, naomba mnielekeze, kwa maana mimi nilibadilisha oili tu kwenye gereji niliyoelekezwa na rafiki.

Fundi wa Zamani

Ndugu, hongera kwa gari. Hiyo 220 ni kilopaskali, kipimo ambacho Wajapani hukitumia pale ambapo sisi tunataja PSI. PSI moja ni karibu kilopaskali 6.9, kwa hiyo 220 ni sawa na PSI 32, na hicho ndicho kiasi kilichopangwa na waliolitengeneza gari kwa kuzingatia uzito wake. Hupimwa tairi likiwa limepoa, yaani gari likiwa limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi, au likiwa halijatembea hata kilomita mbili. Ukipima baada ya kutoka mjini na jua la mchana utakuta namba imepanda, kwa sababu upepo uliofungiwa ndani ya tairi huongezeka karibu PSI moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Waliopanga 32 walikwisha kulihesabu ongezeko hilo, hivyo usipunguze upepo kwa sababu umeukuta umepanda njiani.

Hofu ya jirani yako inaeleweka, ila mpira wenyewe hufanya kinyume cha anavyodhani. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea zaidi kila linapogusa lami, kisha hujinyoosha linapoinuka, na kubonyea huko kunakorudiwa mara mamia kwa kila kilomita ndiko kunakoupasha mpira moto ndani. Tairi lililokimbizwa masafa marefu likiwa na upepo mdogo na mzigo mkubwa ndilo lililo katika hatari ya kupasuka. Joto hilo, kwa taarifa yako, ni petroli uliyoinunua wewe: nguvu ambayo ingesukuma gari imeishia kwenye mpira.

Hata hivyo usitarajie muujiza. Makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani ni kwamba kila PSI moja inayopungua kwenye wastani wa matairi manne hula karibu asilimia 0.2 ya umbali ambao gari lingekwenda kwa kiasi kilekile cha mafuta. Wewe umepungukiwa PSI 8, ambazo ni asilimia 1.6. Ukijaza leo, kilomita zako 11 zitakuwa 11 na nukta mbili hivi. Jaza kwa ajili ya breki, kwa ajili ya kona, na kwa ajili ya uhai wa matairi ambayo kwa upepo mdogo huliwa kingo zote mbili, lakini kilomita saba unazozitafuta hazikupotelea hapo.

Nyingi kati ya hizo saba hazikuwapo tangu mwanzo. Gari la mwaka 2005 la soko la Japani lilipimwa kwa utaratibu ulioitwa 10-15, ulioanza mwaka 1991 na ambao baadaye nafasi yake ilichukuliwa na JC08. Gari huwekwa juu ya roli ndani ya maabara, injini ikiwa imeshapata moto na kiyoyozi kikiwa kimezimwa, likaendeshwa kilomita 4.16 kwa mwendo usiovuka kilomita 70 kwa saa. Hakuna foleni ya Ubungo humo.

Fanya hesabu ya foleni yako. Tuseme gari lako likiwa zima na barabara ikiwa nyeupe lingekwenda kilomita 14 kwa lita. Kilomita 32 zingehitaji lita 2.3. Sasa ongeza dakika ambazo unasimama huku injini inanguruma na kiyoyozi kinafanya kazi, ambapo injini ya ukubwa huo inaweza kuchoma karibu lita moja kwa saa. Kama kwa siku nzima unasimama dakika 40 tu, umeongeza lita 0.6 au 0.7 bila kusogea, na jumla yako inakuwa lita tatu kwa kilomita 32, ambayo ndiyo hiyo 11 unayoilalamikia. Kwa hiyo huenda gari lako halina ugonjwa wowote, au lina ugonjwa mdogo uliojificha nyuma ya foleni.

Ugonjwa huo mdogo ningeutafuta kwanza kwenye breki. Gari hukaa wiki kadhaa melini na bandarini katika hewa ya chumvi, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na pini za kalipa au nyaya za breki ya mkono hushika kutu zikaacha pedi au viatu vinakwaruza kidogo kidogo. Dereva hasikii chochote, anahisi tu kwamba gari ni zito. Endesha kilomita tano au sita bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umempata mwizi. Halafu pandisha gari kwa jeki na uzungushe gurudumu kwa mkono ili kuthibitisha.

La pili ni oili. Ni oili ya namba gani waliyokuwekea?

Dereva wa Mtandao

Mkuu Fundi, nakuheshimu, lakini mimi naendesha abiria kila siku na najaza 40 mwaka wa tatu sasa. Gari huwa jepesi mno, likiachiwa kwenye mteremko linakwenda lenyewe. Na tairi lenyewe limeandikwa ubavuni 44, kwa hiyo 40 bado ni ndani ya ruhusa. Sioni kwa nini tumwambie mwenzetu abaki kwenye 32 ya Wajapani ambao barabara zao hazina mashimo.

Fundi wa Zamani

Ndugu Dereva, wepesi unaouhisi ni wa kweli, siukatai. Tairi gumu hubonyea kidogo na hivyo hupoteza nguvu kidogo. Ila kutoka 32 kwenda 40, kwa kipimo kilekile cha asilimia 0.2, hata ukidhani kwamba faida inaendelea vilevile juu ya kiwango, utaokoa asilimia moja na nusu. Namba 44 iliyo ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, nayo iliandikwa na mtengenezaji wa tairi asiyejua litafungwa kwenye gari gani. Namba ya mlangoni iliandikwa na anayelijua gari. Hebu angalia matairi yako katikati: kama meno ya katikati yameisha kabla ya yale ya pembeni, basi kile ulichokiokoa sheli umekilipa dukani kwa muuza matairi. Na tairi lililotuna hugusa lami kwa eneo dogo zaidi, jambo ambalo hutaliona siku ya jua bali siku mvua ya masika itakapokukuta na lami imeloa. Kuhusu mashimo, tairi lililojazwa kupita kiasi hufikisha kishindo chote kwenye rimu na bushi.

Anayebeba abiria wanne na mizigo ana haki ya kuongeza, na baadhi ya vibandiko hutoa namba ya pili kwa ajili ya gari lililojaa. Mtu anayekwenda Posta peke yake hana sababu hiyo.

Dereva wa Mtandao

Nimekwenda kuyaangalia. Katikati pameisha. Nitashuka hadi 34 nione.

Mama Makulu

Naomba niongeze jambo ambalo watu hulisahau wanapopima mafuta kwa safari. Mimi naishi Dodoma na huenda Dar mara kwa mara. Kila nikirudi nyumbani gari hula zaidi kuliko nilipokuwa nashuka, na kwa muda mrefu nililaumu petroli ya Dar. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, alinikalisha chini na karatasi: Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kulipandisha gari la kilo 1,300 hadi kimo hicho kunahitaji nguvu ya megajuli 14. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini huzigeuza kuwa mwendo kwa robo au zaidi kidogo tu, hivyo mlima peke yake unakula lita moja na nusu hata kama barabara haionekani kuwa na mlima. Kwa hiyo usipime safari ya upande mmoja. Pima kwenda na kurudi.

Lingine ni kwamba wengi wetu hupima kwa shilingi. Mtu anasema mafuta ya elfu hamsini zamani yalinifikisha wiki nzima, sasa hayafiki, kumbe EWURA walitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi na lita alizopata ni chache. Andikeni lita, si fedha.

Mkazi wa Kimara

Nashukuru sana nyote. Fundi, nimekwenda kuangalia risiti: oili waliyoweka ni 20W-50. Waliniambia kwamba kwa nchi yenye joto lazima iwe nzito. Pia nimegundua kwamba kibandiko kinataja matairi ya 185/65R15 lakini yaliyofungwa ni 195/65R15. Je, haya nayo yana uzito wowote? Na hiyo 11 niliipata kwa kuangalia mshale wa mafuta kwenye dashibodi, sasa naona kwamba sikupima ipasavyo.

Fundi wa Zamani

Kitabu cha injini kama yako hutaja 5W-30. Oili nzito huipa injini kazi ya kujikokota yenyewe, hasa dakika za mwanzo asubuhi kabla haijapata moto, na safari zako ni fupi. Kukosea namba ya oili kwa kawaida hugharimu asilimia moja au mbili. Ni kiasi kilekile cha upepo wako, lakini hivi vidogo vinajumlishwa. Namba 5 ya mwanzo inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi na 30 inaeleza uzito wake injini ikiwa moto, na injini iliyopata moto ina joto karibu lilelile Tokyo na Kimara, kwa kuwa kazi ya themostati ni hiyo. Nikitaja themostati, mwambie fundi akuonyeshe kama ipo. Wapo mafundi wanaoing'oa eti gari lisichemshe. Injini ikabaki baridi, na kompyuta ikaendelea kumimina petroli ya ziada kana kwamba gari limewashwa sasa hivi.

Matairi ya 195 ni makubwa kwa kipenyo kwa asilimia mbili, milimita 634 badala ya 621. Kila mzunguko gari lako linakwenda mbali kidogo kuliko odomita inavyohesabu, kwa hiyo umekuwa ukijinyima asilimia mbili kwenye karatasi. Usiyatupe kwa sababu hiyo. Ila soma tarehe yake: ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Magari mengi hufika na matairi yenye meno mazuri na mpira uliozeeka.

Kupima, jaza tangi hadi bomba likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea kilomita 400 au zaidi, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze mpaka ikate tena. Gawa kilomita kwa lita za mara hii ya pili. Kwanza pima gari lilivyo, ndipo utengeneze. Ukitengeneza vyote kwa siku moja kabla ya kupima, hutajua kilichokusaidia. Na mtu asikuuzie plagi wala kukusafishia nozeli kabla ya hapo. Ikiwa taa ya cheki injini inawaka, hilo ni jambo jingine, maana sensa ya oksijeni iliyokufa huweza kula mafuta kuliko haya yote kwa pamoja.

Mkazi wa Kimara

Narudi na mrejesho baada ya wiki sita. Kipimo cha kwanza, gari likiwa kama lilivyokuwa, kilitoa kilomita 10.6 kwa lita. Nilijaza upepo 32 kwa geji yangu mwenyewe, kwa kuwa geji ya kompresa ya mtaani ilizidisha kwa 4, nikapata 10.8. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa na joto kweli: waya wa breki ya mkono ulikuwa umeganda. Baada ya kuubadilisha na kuweka 5W-30 nilipata 11.9 kwenye foleni ileile. Themostati ipo. Wiki iliyopita nilikwenda Morogoro na kurudi na tangi likatoa 15.3.

Nilipofungua buti nikapima na tairi la akiba, lile jembamba. Lilikuwa na 18, nalo limeandikwa 420 kwa kilopaskali, yaani PSI 60. Fundi wa pancha hakuamini mpaka alipolisoma mwenyewe.