Naomba ushauri: mpambaji anataka kunivisha lensi za macho siku ya harusi

Biharusi wa Wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi sioni vizuri mbali na nimezoea miwani tangu nilipokuwa skuli. Harusi yangu inakaribia, na mpambaji ananitaka nivue miwani siku hiyo ili anivishe lensi za rangi ya asali ambazo huwavisha maharusi wake wote, kisha huziosha kwa maji yaliyochemshwa na kumwekea anayefuata. Mama mdogo amekataa katakata, akisema lensi inaweza kupotelea nyuma ya jicho. Naomba kujua kama jambo hili ni salama, na kama nitaweza kutia udhu nikiwa nazo, kwani ningependa kuendelea kuzivaa hata baada ya harusi.

Mpima Macho, Unguja
Wa alaykumu salaam, dada. Hofu ya mama mdogo ndiyo nyepesi kuiondoa: utando unaofunika weupe wa jicho hukunjika na kuungana na upande wa ndani wa kope, kwa hiyo lensi inaweza kujificha chini ya kope ya juu, lakini haina njia ya kupita nyuma ya jicho.

La kuogopa ni hilo analoliona dogo mpambaji. Lensi iliyokaa katika jicho la mtu mwingine haivaliwi, hata ikioshwa vipi. Lensi laini hunywa maji na kuvimba, na katika maji ya bomba, ya kisima na hata ya bahari huishi amiba aitwaye akantamiba, ambaye mazingira yakimbana hujifungia ndani ya ganda gumu, na ndiyo maana akishaingia kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, matibabu yake huchukua miezi na wengine hupoteza uoni. Maji ya kuchemsha yakishapoa bakulini huchafuka upya, wala hayaondoi utando wa machozi na mafuta ulioganda kwenye lensi. Inayotakiwa ni dawa maalumu ya kuoshea lensi; maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui vijidudu.

Isitoshe, lensi za urembo kwa kawaida hazina namba, kwa hiyo utakaa ukumbini usiwatambue wageni wako mwenyewe. Nenda ukapimwe upya, kwa sababu namba ya miwani si lazima iwe namba ya lensi, na mkunjo wa konea nao hupimwa.

Kuhusu udhu, funga macho unapoosha uso, ukaushe kwa kitambaa safi, kisha ufumbue. Wanazuoni wengi hawakuwajibisha kuosha ndani ya jicho. Unapooga au kuogelea, zivue.

Mvaaji wa Mkunazini
Niongeze ya nyumbani. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla ya kugusa lensi. Ukizivua, zisugue taratibu kwa ncha ya kidole kwa dawa yake, hata kama chupa inadai si lazima. Dawa ya jana imwage yote, usiiongezee mpya juu yake. Kikasha kisuuze kwa dawa hiyohiyo, kiache wazi kimeinamishwa kikauke, na ukibadilishe kila baada ya miezi mitatu. Kwa anayevaa kwa nadra, lensi za siku moja zinazotupwa jioni humwondolea taabu yote hii.

Kijana wa Nungwi
Naona mnamtisha bure. Binamu yangu hulala nazo na huogelea nazo, na macho yake ni mazima.

Mpima Macho, Unguja
Ni kweli kaka, wapo wengi walioamka salama. Lakini konea haina mishipa ya damu na hupata oksijeni yake nyingi kutoka hewani, na jicho likifumbwa usiku kucha huku limefunikwa na lensi, hewa hiyo hupungua na hatari ya maambukizi huongezeka mara kadhaa. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiukimbia mwanga au likiona ukungu, lensi itolewe mara moja na mtu aende hospitali siku hiyohiyo, akichukua lensi na kikasha vikapimwe. Maziwa ya mama yasitiwe, wala dawa ya matone yenye steroidi isinunuliwe bila kuandikiwa na daktari, maana baadhi ya maambukizi huzidi kwa dawa hiyo.

Biharusi wa Wete
Ahsanteni sana. Za mpambaji nimezikataa, nitavuka Unguja nikapimwe. Je, wanja na udi vitakuwaje?

Mvaaji wa Mkunazini
Vaa lensi kwanza, ndipo upakwe poda na wanja, na mwambie mpambaji asipitishe wanja kwenye ukingo wa ndani wa kope. Usiku vua lensi kabla ya kufuta vipodozi. Udi jifukize nguo na nywele mapema, kabla hujazivaa.