Mashine ya HP 40 inachemka nikifungua mafuta, impela imeshabadilishwa

Mwalo_Kayenze

Habari wakuu. Naomba msaada wa mafundi wa mashine za boti. Mashine ni HP 40, silinda tatu, ya kuchanganya petroli na oili. Imefungwa kwenye boti ya mbao ya futi 30 inayobeba mizigo kati ya Kayenze na Ukerewe.

Ikiwa sailensa (inazunguka taratibu bila kuongeza mafuta), maji yanatoka vizuri kwenye kitundu cha pembeni na hayana joto kali. Nikifungua mafuta kupita nusu, baada ya dakika chache maji yanakuwa membamba na ya moto, king'ora kinalia na mashine inajipunguza nguvu. Nikirudisha chini inatulia. Fundi alibadilisha impela (gurudumu la raba la pampu ya maji) peke yake. Sahani ya chini na gasketi ni zile zile za zamani. Vichujio vya kuingizia maji kwenye mguu (sehemu ya chini ya mashine inayozama majini) vimesafishwa. Je, impela mpya ni mbovu? Nimeshauriwa pia nitoe themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya kupoza) niendeshe bila hiyo.

fundi_mguu_wa_chini

Mkuu, themostati iache kwanza. Dalili uliyoitoa ni nzuri sana kwa sababu inaonyesha wapi pa kutafuta.

Impela iliyolika huanza kuonekana mbovu mashine ikiwa sailensa. Mzunguko ukiwa mdogo, mapezi ya raba yanagusa ukuta wa kikombe cha pampu na kusukuma maji kwa kuyabana. Mzunguko ukipanda, mapezi yanalala, pampu inarusha maji kwa kasi ya mzunguko tu, na mwendo wa boti wenyewe unasaidia kuyaingiza. Kwa hiyo impela iliyochoka hutoa maji dhaifu kwenye sailensa kisha huboreka ukiongeza mwendo. Kwako ni kinyume. Maji yapo, lakini mashine ikihitaji mengi hayafiki.

Anza na jambo rahisi. Chomoa mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye kitundu cha pembeni, washa mashine ikiwa majini, uone maji yanavyotoka kwenye mpira wenyewe. Yakitoka kwa nguvu, kitundu ndicho kimeziba mchanga au tope. Kisafishe kwa kipande cha mshipi wa nailoni, siyo msumari. Kwako sidhani, maana king'ora kinalia, lakini ni kipimo cha dakika mbili na hakina gharama.

Halafu kuna mambo manne yanayoleta joto kwenye mwendo tu:

Kwanza, kitovu cha impela kinateleza. Katikati ya impela kuna bushi ya shaba iliyogandishwa na raba. Gundi ikiachia, sailensa inafanya kazi kawaida, ila mzigo ukizidi shafti inazunguka na raba inabaki nyuma. Impela bandia huleta hili zikiwa mpya kabisa. Chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye bushi hadi kwenye raba, funga, endesha kwa nguvu, kisha fungua uangalie. Mstari ukiachana, itupe.

Pili, kitu kinanyonywa kwenye vichujio boti ikikimbia na kinaanguka ikisimama: jani la gugu maji, kipande cha mfuko wa plastiki, uzi wa nyavu za timba. Ukifika mwaloni unakuta pasafi. Zima mashine ghafla katikati ya maji, king'ora kikiwa bado kinalia, uinue mguu taratibu na kukagua hapo hapo.

Tatu, hewa. Boti zetu za mbao zina mkuku (mti mrefu wa chini ya boti) mnene unaofika hadi tezi, yaani nyuma ya boti. Usipochongwa kwa nyuma, unavuta mapovu na kuyaelekeza moja kwa moja kwenye mguu. Bati pana lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti au lishuke kama milimita 25. Mashine ikiwa juu zaidi ya hapo, pampu inakunywa hewa. Dalili yake nyingine ni mlio kupanda ghafla bila boti kuongeza mwendo, hasa kwenye mawimbi au kwenye kona. Kama hilo halitokei, usihangaike na mkuku.

Nne, maji yanavuja au yanazibwa njiani, kati ya pampu na kichwa cha mashine. Huko ndiko ningefungua kwanza, kwa sababu mguu umeshushwa na kurudishwa hivi karibuni.

Nansio40

Naunga mkono hoja ya nne. Ukibadilisha impela, kosa linalojirudia zaidi ni paipu ya maji. Paipu hiyo inashuka kutoka juu na inatakiwa iingie kwenye kipira kilicho juu ya pampu. Wakati wa kurudisha mguu, macho yote yako kwenye shafti na gia, kipira kinajikunja au paipu inapita pembeni. Maji yanapanda nusu, nusu yanamwagika ndani ya mguu. Sailensa huoni tofauti.

Ukifungua tena fanya hivi. Chomoa nyaya za plagi ili mashine isiwake ukigusa propela. Weka gia kwenye fri (isiende mbele wala nyuma), tenganisha fimbo ya gia, kisha legeza bolti za mguu. Baadhi ya mashine zina bolti moja iliyojificha chini ya kipezi kidogo kilicho nyuma ya mguu juu ya propela. Piga alama mahali kipezi kilipokaa kabla ya kukitoa. Vuta mguu chini ukiwa umeushika mikono miwili.

Kwenye pampu pitisha ukucha juu ya sahani ya chuma iliyo chini ya impela, na ndani ya kikombe. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, vibadilishe. Mchanga wa ufukweni unakwangua chuma hicho haraka kuliko chumvi inavyofanya kwa wenzetu wa pwani, hasa boti zinazosukumwa mchangani mashine ikiwa inazunguka. Kununua raba peke yake ni hasara: chukua seti yenye sahani, kikombe, gasketi, kipira cha paipu na ufunguo wa nusu mwezi (kipande cha chuma kinachoshikanisha impela na shafti).

Kurudisha: shikiza ufunguo kwa grisi kidogo usianguke, paka impela maji ya sabuni, kisha shusha kikombe ukizungusha shafti kwa mwelekeo wa saa ukitazama kutoka juu. Mapezi yote yalale upande mmoja. Ukizungusha kinyume yanapinduka na kukatika mizizi. Bolti za M8 zikazwe Nm 18, kwa kuvusha pembe kwa pembe. Grisi ya shafti ipakwe kwenye meno ya pembeni tu; ukijaza juu ya ncha, shafti haiingii hadi mwisho na ukilazimisha unaumiza mashine. Paka kipira cha paipu sabuni, na mtu wa pili aangalie kwa tochi paipu ikiingia kabla hujakaza chochote.

mkaguzi_wa_boti

Swali ambalo hamjamuuliza: impela ya zamani ilitoka na mapezi yote? Kama kuna pezi lililokatika, kipande hakikuanguka ziwani. Kimepanda na paipu na kukaa kwenye njia za maji, mara nyingi chini ya themostati. Panga vipande vya zamani mezani hadi impela itimie. Kinachokosekana kiko ndani ya mashine.

Themostati ipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikiwa na kipimajoto. Nyingi za mashine hizi huanza kufunguka karibu na digrii 50, na namba imegongwa kwenye chuma chake. Ukingoja maji yachemke ndipo uangalie, hujapima kitu. Kuitoa kabisa kunafanya mashine iwe baridi mno, plagi zinalowa oili na petroli inaliwa zaidi.

Mwalo_Kayenze

Asanteni sana. Mguu umeshushwa. Sahani ukucha haukwami, bushi haijateleza. Kipira cha paipu kimejikunja upande mmoja. Impela ya zamani ilikosa mapezi mawili, na chini ya themostati tumekuta kipande kimoja cha raba pamoja na mchanga. Themostati imefunguka vizuri kwenye sufuria.

mkaguzi_wa_boti

Basi bado pezi moja. Usifunge. Themostati ikiwa nje na mguu ukiwa chini, ingiza mpira wa maji safi kwa juu, yashuke kinyume na njia yake ya kawaida hadi yatoke chini kwenye paipu. Anza kwa shinikizo dogo. Kipande kisipotoka, fungua mfuniko wa njia za maji, na uwe na gasketi mpya mkononi kwanza. Kama mashine yako ina vali ya shinikizo, itoe uisafishe. Mchanga unaizuia kufunguka na huo nao ni ugonjwa wa mwendo mkubwa.

Kwa kuwa imelia mara nyingi, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla ya kurudisha mzigo. Silinda zote tatu zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Usishtuke gauji ikisoma chini ya namba za kitabu cha mashine: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na namba zote hushuka kwa karibu asilimia 12. Angalia tofauti kati ya silinda.

fundi_mguu_wa_chini

Na kipira kipya, mkuu, kile kilichojikunja hakirudi umbo lake. Majaribio yafanyeni ndani ya pipa la maji yaliyofunika vichujio au majini kabisa. Hata sekunde chache kavu zinaunguza impela mpya. Ikitulia sailensa, ipeleke na mzigo nusu kwanza, dakika 15 mafuta yakiwa robo tatu, mkiwa karibu na ufuko na nanga iko tayari. King'ora kikilia tena, zima, na msimwagie mashine maji ya ziwa ikiwa moto; hedi (kichwa cha mashine) inaweza kupinda.