Ushauri: Pua ya bolti inagusa mtutu mpya wa .30-06, nilikosea wapi?

Mwanagenzi wa Unga Limited (Arusha)

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni msaidizi wa fundi silaha mwenye leseni hapa Arusha, na kwa sasa tuna bunduki ya mteja, Remington 700 ya risasi za .30-06, ambayo mtutu wake wa zamani ulikwisha kwa kutu na kwa matumizi. Fundi mkuu alinikabidhi kazi ya kukereza kitako cha mtutu mpya na kuufunga, kisha akasafiri. Nilipoufunga mara ya kwanza, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya chemba, yaani tundu la risasi) ilifunga bila shida juu ya geji ya kukataa, yaani kipimo kirefu ambacho bolti haipaswi kukifungia, jambo ambalo ni kosa, kwa hiyo niliufungua na kupunguza bega la mtutu (ukingo unaouzuia usiingie zaidi kwenye mwili wa bunduki) kwa milimita 0.10. Geji ya kukataa iliingia tena, nami nikapunguza 0.10 nyingine. Sasa mkono wa bolti unakuwa mzito katika sehemu ya mwisho ya kushuka kwake nikiwa na geji ya kukubali (kipimo kifupi ambacho bolti inapaswa kukifungia), na mwanzoni nilifurahi nikidhani kwamba nimepata kipimo barabara. Furaha hiyo iliisha nilipotoa geji na kufunga bolti juu ya chemba tupu, kwa sababu uzito ulibaki vilevile.

Nilipaka wino wa buluu kwenye pua ya bolti, yaani ncha yake ya mbele, nikafunga na kufungua, na wino ukaonekana umehamia kwenye sakafu ya kile kikombe kilichochongwa kwenye kitako cha mtutu ili pua iingie humo. Je, niendelee kupunguza chuma, na kama ni hivyo, nipunguze wapi?

Shabaha Moja (Moshi)

Mkuu, mimi nisingegusa kitu. Chuma kikikaribiana na chuma bunduki inakuwa imara zaidi, na uimara huo ndio unaoleta shabaha nzuri. Mwache mteja aitumie, mahali panapogusa patajilainisha penyewe.

Babu Mkereza (Moshi)

Ndugu yangu Shabaha Moja, nakuheshimu, lakini ushauri huo usifuatwe. Kinachoibeba bolti wakati risasi inalipuka ni meno yake mawili ya mbele, yanapoegemea kuta zilizo ndani ya mwili wa bunduki. Pua haina kazi ya kubeba chochote. Ikigusa mtutu, bolti inakuwa imebanwa kama kabari kati ya mtutu na kuta hizo, na punje moja ya vumbi la Longido, ambalo kila aliyewahi kukaa huko mwezi wa Agosti analijua linavyopenya, itatosha kumzuia mwindaji asifunge bolti yake mnyama akiwa mbele yake.

Kijana, tatizo lako ni kwamba unashughulikia nafasi mbili kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni nafasi ya ganda (kile kifuko cha chuma cha risasi kinachobeba baruti), ambayo kwa .30-06 hupimwa kutoka uso wa bolti hadi mahali maalumu kwenye bega la chemba, pale chemba inapoanza kuwa nyembamba: geji ya kukubali ina milimita 49.28 na ya kukataa 49.43, yaani uwanja wako wote ni 0.15. Nafasi hiyo ikizidi, ganda linavutwa kila linapolipuliwa na mwisho wake linaweza kukatika juu kidogo ya kitako chake, gesi ikarudi nyuma. Ya pili ni nafasi ya pua, kati ya ncha ya bolti na sakafu ya kikombe, na kwa aina hii ya bunduki mafundi wengi huacha kati ya milimita 0.13 na 0.25. Ya kwanza inataka kubanwa na ya pili inataka kuachwa ipumue.

Sasa tazama ulichokifanya. Ulipopunguza bega la mtutu, mtutu wote uliingia ndani zaidi, kwa hiyo nafasi zote mbili zilipungua kwa kiasi kilekile. Ulikula 0.20 upande wa ganda, ambako ilihitajika, na ukala 0.20 upande wa pua, ambako ndiyo ilikuwa akiba yako yote. Bega usiliguse tena. Ongeza kina cha kikombe peke yake, kwa sababu sakafu yake haimo katika kipimo cha ganda, ila usizidishe, maana kadiri kikombe kinavyozama ndivyo sehemu kubwa zaidi ya ganda inavyobaki nje ya chemba bila ukuta wa kuishikilia.

Mama Vipimo (Arusha)

Naongezea neno moja tu kwa aliyoyasema Babu. Kabla ya kupima chochote, vua pini ya kufyatulia pamoja na springi yake, kwa sababu bolti ikiwa kamili, uzito unaousikia mkononi unaweza kuwa wa springi na wewe ukadhani ni wa chuma. Tena unapopima kina kwa maikromita, isukume bolti nyuma mpaka meno yaegemee, la sivyo ule mchezo mdogo wa bolti utakudanganya. Na lile bamba la kuzuia mshtuko, linalokaa kati ya mtutu na mwili wa bunduki, lisibadilishwe katikati ya kazi. Bamba nene zaidi huongeza nafasi zote mbili, na hesabu yako inaanza upya.

Mtaratibu (Arusha)

Kwa wasomaji wengine: nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Mwenye uzi ameeleza vizuri kwamba yuko chini ya mtu wa namna hiyo, lakini asiye naye asijaribu nyumbani.

Mwanagenzi wa Unga Limited (Arusha)

Shikamoo Babu, na asante sana Mama Vipimo. Nilimpigia fundi mkuu simu kwanza, akakubali, akacheka kidogo kisha akaniuliza kwa nini sikupima pua siku ya kwanza. Nimeongeza kina cha kikombe kwa milimita 0.20, nikapaka wino upya, na safari hii sakafu ya kikombe imebaki safi. Bolti tupu, bila springi, sasa inashuka kwa uzito wa mkono wake yenyewe. Geji ya kukubali inaingia kwa urahisi; nilipobandika kipande kimoja cha selotepu nyuma yake, ambacho kwa maikromita yangu kina 0.05, bado bolti ilifunga, na kwa vipande viwili nikaanza kusikia ugumu. Geji ya kukataa inausimamisha mkono kabla haujafika chini.

Swali langu la mwisho: wino kwenye meno umefutika karibu wote kwenye jino la kulia, lakini kwenye la kushoto umefutika nusu tu, yaani meno hayaegemei sawasawa. Je, hilo lisubiri?

Babu Mkereza (Moshi)

Marahaba mwanangu. Hilo lisubiri fundi mkuu arudi, na usilisage hata kidogo. Ukisaga meno bolti inarudi nyuma, na nafasi ya ganda uliyoihangaikia wiki nzima inafunguka tena.